Ukipiga dari ya jipsamu bila saidia, bodi inashikwa na nani?

WAKAZI wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wanaojenga nyumba zao kidogo kidogo huhamia kabla dari haijapigwa. Bati likishaezekwa, madirisha yakapata nondo na mlango wa nje ukatiwa komeo, familia huingia na suala la dari huahirishwa. Baada ya miaka miwili au mitatu ya joto la bati mchana na kishindo cha mvua usiku, fedha ya kununulia bodi hupatikana. Inayokosekana ni fedha ya kumlipa fundi pamoja na saidia wake.

Hapo ndipo mwenye nyumba, au fundi aliyekubali kazi hiyo kwa bei ya chini, anapoamua kuipiga dari peke yake. Jambo hilo linawezekana, na mafundi kadhaa hulifanya kila siku. Hata hivyo, wengi hulifanya kwa njia moja iliyo mbaya kuliko zote: husimama juu ya kreti au pipa, huibeba bodi kwa utosi wa kichwa na kiganja cha mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huitafuta drili.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuijaribu njia hiyo katika chumba cha futi kumi kwa kumi huko Bunda, siku ya Jumamosi, baada ya saidia kutotokea. Bodi ilikuwa tayari kichwani ndipo ilipogundulika kwamba skrubu zimebaki sakafuni. Kuinama kidogo tu kulitosha: bodi ilipinda, ikavunjika katikati, ubao wa kusimamia ukageuka, na kazi ikaishia kwenye kifundo cha mkono kilichovimba kwa majuma matatu. Vipande vya bodi ile vilitumika baadaye kuziba pembe za stoo.

Kosa la siku ile halikuwa kufanya kazi peke yangu. Kosa lilikuwa kuinyanyua bodi kabla ya kuandaa kitu cha kuishika mahali pa yule ambaye hakuja.

Kabla ya kufika huko, ni vema msomaji akajua anachokibeba. Jipsamu ni madini ya jasi, yale yale yanayochimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida na maeneo ya Kilwa, na ambayo viwanda vya saruji huyachanganya kwa kiasi kidogo ili saruji isigande upesi. Jasi ikichomwa hupoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa unga. Unga huo ukikorogwa tena na maji hushikana na kuwa mgumu. Wazo la kuumimina unga huo kati ya karatasi na kuufanya bodi ya kujengea lilipata hataza nchini Marekani mwaka 1894, kwa jina la Augustine Sackett. Mpaka leo karatasi ndiyo inayobeba kazi kubwa. Jasi yenyewe ni dhaifu inapopindwa, na karatasi ikichanika bodi huvunjika kama biskuti.

Bodi inayouzwa zaidi madukani ina upana wa futi nne na urefu wa futi nane. Yenye unene wa milimita tisa huwa na uzito wa kilo 20 hivi, nayo ile ya milimita 12 hukaribia kilo 25. Uzito huo si mkubwa kwa mtu aliyezoea kubeba mfuko wa saruji wa kilo 50. Tofauti ni kwamba mfuko wa saruji hubebwa begani na kutuliwa, wakati bodi hubebwa juu ya kichwa, mikono ikiwa imenyooshwa, shingo imepinda nyuma, macho yanaingiwa na vumbi, na haiwezi kutuliwa mpaka skrubu za kutosha ziwe zimeingia. Muda huo unaweza kuwa dakika mbili au tatu tu, lakini mikono iliyonyooshwa juu huanza kutetemeka kabla ya hapo.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, haifanywi kwenye bodi bali kwenye fremu ya mbao za mbili kwa mbili, ambayo mafundi huiita blandaringi. Chumba cha futi 12 kwa 12 humeza bodi tano hivi, na zikishakuwa juu pamoja na poda ya kuzibia maungio, uzito wake ni karibu kilo mia moja. Huo ni uzito wa mtu mzima mnene anayening'inia juu ya kitanda cha watoto. Mbao ziwe zimekauka, zimefungwa barabara kwenye kenchi, na zimesawazishwa kwa kamba na pima maji. Mbao mbichi iliyotoka shambani majuzi itajipinda baada ya kazi kwisha, na dari itafuata mkondo wake.

Wengi huweka mbao kila baada ya futi mbili kwa sababu hesabu ni rahisi na mbao zinatumika chache. Kwa bodi ya milimita tisa, hasa katika nyumba iliyo karibu na ziwa, nafasi ya inchi 16 ni salama zaidi. Hesabu haiharibiki, kwa kuwa futi nane ni inchi 96, na 96 hugawanyika kwa 16 bila baki. Maana ya hesabu hiyo ni kwamba mwisho wa kila bodi utaangukia katikati ya ubao wa fremu badala ya kuelea hewani. Fundi aliye na msaidizi anaweza kusahihisha kosa la namna hii akiwa juu. Aliye peke yake hawezi, kwani mikono yake yote miwili ina shughuli.

Baada ya fremu ndipo anapotengenezwa saidia wa mbao. Umbo lake ni la herufi T: mguu mmoja mrefu, na juu yake kipande cha futi tatu kilichopigiliwa kwa kukingama na kutiwa vishikizo viwili vya mshazari ili kisiyumbe. Mbao za mbili kwa tatu zinafaa. Mrunda ulionyooka, uliobaki baada ya kumwaga zege la linta, unafaa vilevile. Tengeneza miwili, ukiweza mitatu. Gharama yake ni mabaki ya mbao na misumari kiganja kimoja.

Urefu wa nguzo hiyo ndio siri ya kazi nzima. Iwe sawasawa na kimo cha kutoka sakafuni hadi chini ya blandaringi, ikihesabiwa pamoja na kile kipande cha juu. Bodi ya milimita tisa itakapokuwa mahali pake, nafasi iliyobaki itakuwa fupi kuliko nguzo kwa unene huo mdogo. Nguzo itashindwa kusimama wima kabisa. Katika chumba cha futi kumi kwenda juu, mguu wake utabaki kama shibiri moja kutoka kwenye wima. Kadiri unavyousukuma mguu kuelekea wima ndivyo bodi inavyobanwa juu kwa nguvu zaidi. Nguzo iliyokatwa fupi haibani, na iliyozidi mno husimama kwa mlalo mkubwa na kuteleza.

Suala la kuteleza lisipuuzwe. Sakafu iliyopigwa saruji laini au vigae ni hatari kwa mguu wa mbao. Pigilia soli ya kandambili kuukuu, au kipande cha mpira wa tairi, chini ya kila mguu. Ni jambo dogo ambalo mtu hulicheka mpaka siku nguzo inapomtoka.

Hatua inayofuata ni kumpatia saidia wa mbao mwenzake ukutani. Chukua ubao wa urefu wa futi nne, uufunge kwa muda kwenye ukuta chini ya blandaringi, ukiacha nafasi ya inchi moja kati yake na mbao za fremu. Huo ndio mfuko ambamo ncha ya bodi itaingizwa. Bodi inapoingia humo, nusu ya uzito wake huwa tayari imebebwa na ukuta, nawe umebakiwa na kilo kumi hivi upande wa pili.

Mahali pa kusimamia pawe jukwaa la kweli, yaani meza mbili za fundi zenye kimo kimoja na mbao pana mbili zilizofungwa juu yake, kwa kimo ambacho utosi wako unakaribia kugusa fremu bila kuinama. Kreti za soda, ndoo za rangi zilizopinduliwa na viti vya plastiki si majukwaa. Ngazi nayo haifai kwa kunyanyulia bodi, maana mtu aliye kwenye ngazi anahitaji mkono mmoja wa kujishikia, na mkono huo hana.

Sasa bodi inaweza kuondoka chini. Kabla haijaondoka, chora juu yake kwa penseli mistari inayoonyesha mbao za fremu zitapita wapi, kisha zipande skrubu nne au tano katikati yake hadi nusu, zikiwa zimesimama zenyewe. Drili iwe kiunoni na skrubu nyingine ziwe mfukoni. Zima swichi kuu ya umeme iwapo kuna nyaya zilizokwishapitishwa darini, hasa zile ambazo ncha zake zinasubiri taa.

Iegemeze bodi kwenye jukwaa kwanza; kisha panda; kisha inyanyue ncha moja na kuiingiza kwenye mfuko wa ukutani. Ncha ya pili isipelekwe juu kwa pupa. Ipumzishwe kwenye nguzo fupi yenye umbo lile lile la T, iliyo pungufu kwa futi moja na yenye miguu ya kukingama inayoiwezesha kusimama yenyewe. Hapa bodi iko mlalo, imelala pande mbili, na wewe hujashika kitu. Unaweza kushuka, kunywa maji na kutazama kama iko sambamba na ukuta. Baada ya hapo, ukiwa umesimama sakafuni na wala si juu ya jukwaa, unaisukuma bodi hadi juu kwa nguzo ndefu na kuubana mguu wake. Nguzo ndefu ya pili inafuata katikati.

Msomaji ataona kwamba katika mpango huu hakuna hata sekunde moja ambapo uzito wote wa bodi uko mikononi mwa mtu aliye juu. Kazi inakuwa ya taratibu, na fundi aliyezoea kuharakisha ataiona kama mchezo wa watoto. Lakini bodi moja iliyovunjika hula faida ya siku nzima, tena bei yake Musoma imekwishabeba nauli ya lori la kutoka mbali.

Ukirudi jukwaani, anza na zile skrubu zilizopandwa katikati, kisha elekea kingoni. Anayeanza na pembe nne hufunga tumbo la bodi katikati, na tumbo hilo haliondoki. Skrubu za inchi moja na robo zinatosha kwa bodi ya milimita tisa kwenye mbao. Katikati ya bodi ziachane kama inchi 12, pembeni inchi saba au nane, na zisisogelee ukingo kwa chini ya sentimita moja. Kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kuchana karatasi, kwani kilichochana karatasi hakishiki kitu. Misumari ya kawaida iachwe: hulegea kadiri mbao inavyokauka, na kutu yake huchora madoa ya kahawia kwenye rangi nyeupe. Nguzo isiondolewe mpaka kila ubao wa fremu unaopita juu ya bodi uwe umepata skrubu.

Bodi ya pili haina ukuta wa kuegemea upande wa ile ya kwanza. Hapo funga vibao viwili vifupi chini ya bodi iliyokwishapigwa, skrubu zake zikiingia hadi kwenye fremu, na viachwe vitokeze kiasi cha kiganja na nafasi ya kuingiza bodi. Vitafanya kazi ile ile ya ubao wa ukutani. Matundu yatakayobaki yatazibwa kwa poda pamoja na maungio.

Kwa mwenye nyumba asiye fundi, ushauri wa mwandishi huyu ni tofauti kidogo, nao huwachukiza mafundi wa kweli: kata bodi katikati. Pitisha kisu upande mmoja wa karatasi, ivunje kwa nyuma, kisha kata karatasi ya pili. Utapata vipande viwili vya futi nne kwa nne, kila kimoja kilo kumi, ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvinyanyua kwa mkono mmoja huku wa pili ukivuta nguzo. Maungio yataongezeka, na yale yaliyokatwa kwa kisu hayana mteremko ule wa kiwandani unaoficha utepe na poda. Dari haitakuwa laini kama ya hoteli. Itakuwa juu, nawe utakuwa na mikono mizima.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanapaswa kulipa uzito kuliko wenzao wa Dodoma. Jasi haipatani na maji. Bodi iliyolowa hulegea, huota ukungu na hatimaye hujichomoa kwenye skrubu kwa uzito wake yenyewe. Mwenye kuezeka bati kiangazi asikimbilie dari mwezi uleule. Aache mvua za vuli au masika zipite, apande darini na tochi wakati mvua inanyesha, na kuziba kila msumari unaovuja. Katika nyumba za Makoko na Mwisenge, zilizo jirani na maji, unyevu wa usiku nao hugeuka matone chini ya bati baridi. Acha matundu ya hewa pembeni mwa paa, ila yatiwe wavu. Popo wakishafanya makazi darini, mkojo wao hupenya bodi na kutoa madoa na harufu visivyofichwa na rangi yoyote.

Bodi zenyewe zihifadhiwe zikiwa zimelazwa juu ya vipande vya mbao, ndani ya nyumba. Zikiegemezwa ukutani kwa juma zima hujipinda, na bodi iliyopinda ni adui wa mtu asiye na msaidizi. Wakati wa kubeba, zisimamishwe kwa ubavu. Kuzifunga nyuma ya pikipiki kutoka Makutano hadi Butiama ni kununua bodi zisizo na pembe.

Vipo vyumba ambavyo hakuna nguzo wala mfuko wa ukutani unaohalalisha kuvifanya peke yako. Sebule yenye dari ya ngazi na mapambo, ukumbi au kanisa lenye kimo kinachozidi futi kumi, dari inayofuata mteremko wa paa, na kazi yoyote ya bodi ya milimita 12, zinahitaji watu wawili au watatu. Vilevile nyumba kuukuu yenye dari ngumu ya kijivu inayoshukiwa kuwa ya asbesto isivunjwe na mtu yeyote kwa nyundo, awe peke yake au na kundi, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Fundi wa aina hii ya kazi ni wa pekee, naye atafutwe kwa kupitia ofisi za mazingira za halmashauri.

Wengine watauliza kama sheria inasema lolote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipa aliyeumia kazini. Lakini fundi aliyepatana kwa mdomo mlangoni kwa mtu, asiye na mkataba wala mwajiri aliyesajiliwa, kwa kawaida hana pa kudai. Akianguka na kuumia uti wa mgongo, safari ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, hulipiwa na ndugu kwa mchango. Ukweli huo ndio unaofanya hesabu ya ujira wa saidia iwe ngumu kuliko inavyoonekana.

Ipo njia ya katikati, ambayo baadhi ya mafundi wameanza kuitumia na ambayo mwandishi huyu aliifuata katika chumba chake cha pili. Kazi ya dari haihitaji watu wawili kutoka mwanzo hadi mwisho. Kupima, kufunga blandaringi, kukata, kuchora mistari, kuziba maungio, kupiga msasa na kupaka rangi ni kazi za mtu mmoja. Kunyanyua peke yake ndiko kunakohitaji mtu wa pili, na katika chumba kimoja kilichoandaliwa vizuri hakuzidi nusu siku. Maliza kila kitu siku tatu kabla. Panga bodi kwa namba kufuatana na zitakavyopanda. Nguzo za T zibaki palepale, kwa kuwa hata watu wawili huchoka. Kisha mwite saidia saa mbili asubuhi, mkiwa mmekwishakubaliana ujira wa nusu siku, na saa saba umpe chake aende akatafute kazi nyingine kabla jua halijatua.